Elimu Iliyofungwa kwa Kufuli: Habari za Maktaba za Kivuli



Mwaka jana dada mmoja anayenyunyiza dawa katika shamba la maua, upande wa barabara ya Entebbe, alifika ofisini kwetu hapa Kampala akiwa na karatasi tatu za kliniki. Zote tatu ziliandikwa malaria. Jina lake silitaji, wala la shamba, kwa kuwa mazungumzo na mwajiri bado hayajamalizika. Aliketi, akaweka karatasi zake mezani, akaniambia: "Ndugu Katibu, ni malaria gani hii isiyo na homa, inayonishika kila Jumanne na kuniacha Ijumaa?"

Jumatatu ndiyo siku ya kunyunyiza dawa. Alinieleza jinsi macho yake yanavyotoa machozi bila kilio, jasho linavyomtoka hata kukiwa na baridi, na misuli ya mkono inavyomchezacheza usiku. Nilimwomba aninakilie jina lililoandikwa kwenye chupa ya dawa. Kesho yake alirudi, ameliandika kiganjani kwa kalamu, kwa sababu ndani ya nyumba zile za plastiki hawaruhusiwi kuingia na karatasi wala simu.

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Kiingereza cha mikataba nakimudu kwa mazoea, lakini cha madaktari kinanishinda. Nikamwita binti wa dada yangu, ambaye alimaliza masomo yake Makerere. Akatafuta kwenye simu yake, na kwa dakika chache akapata kichwa cha makala ya wataalamu kuhusu dawa hiyohiyo na wanyunyizaji wa mashambani. Kichwa kilionekana, na maneno machache ya mwanzo yalionekana, kisha kufuli. Kuifungua makala nzima, kurasa tisa, bei yake ilikuwa dola 35.

Tufanye hesabu kama tufanyavyo kwenye mapatano. Dola 35 ni zaidi ya Sh. 120,000 za Uganda. Kwa dada yule ni karibu mshahara wa nusu mwezi. Na tukikumbuka kwamba kima cha chini cha mwisho kutangazwa katika nchi hii, kile cha 1984, ni Sh. 6,000 kwa mwezi, basi kurasa hizo tisa ni kima cha chini cha miezi ishirini. Sisemi kwamba yuko anayelipwa Sh. 6,000 leo, ila tuone jinsi bei hizo zilivyopangwa na watu wasiojua kwamba sisi tupo.

Nilimwuliza binti kwa nini asitumie maktaba ya chuo. Akanijibu kwamba ruhusa ya kuingia ni ya wanafunzi, na yake ilikwisha alipomaliza. "Lakini subiri, Mjomba," akasema. Akaandika anwani nyingine, akabandika namba ya makala, na hata chai yangu haijapoa kurasa zote tisa zilikuwa mbele yetu. Nikamwuliza umelipa kiasi gani. Akacheka.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza. Mimi ni mtu wa chama. Kazi yangu kwa miaka yote hii ni kusema kwamba aliyefanya kazi alipwe. Je, tumemwibia nani hapa?

Kwanza yafaa tujue kitu chenyewe. Watu wa intaneti wanaziita maktaba za kivuli. Ni ghala za vitabu na makala zilizonakiliwa bila idhini ya wenye hakimiliki, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuchukua bila malipo. Library Genesis ilianzishwa na watu wa Urusi karibu mwaka 2008. Watu wa huko walikuwa na desturi ya zamani: enzi za Sovieti kitabu kilichokatazwa kilipigwa taipu kwa karatasi za kaboni, nakala nne au tano kwa mara moja, na kila aliyesoma akampa mwenzake. Sci-Hub, ile aliyoitumia binti yetu, ilianzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan, mwanafunzi kijana wa Kazakhstan, aliyekuwa na shida ileile ya kufuli na dola thelathini. Ghala yake imefikia makala zaidi ya milioni 80. Msidhani ni maskini peke yao wanaokwenda huko. Mwaka 2016 jarida la Science la Marekani lilichapisha hesabu ya miezi sita: makala milioni 28 zilichukuliwa, na wachukuaji walitoka kila pembe ya dunia, pamoja na miji yenye vyuo vikuu tajiri kabisa.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza kuliko yote. Mtaalamu anayeandika makala katika jarida la sayansi halipwi na jarida. Wataalamu wenzake wanaoisoma na kuikosoa kabla haijachapishwa nao kwa kawaida hawalipwi. Utafiti wenyewe mara nyingi umegharimiwa na serikali, yaani kodi za watu. Kisha mchapishaji anaichukua bure, anaifunga kwa kufuli, na kuviuzia vyuo vilevile vilivyoitoa. Kampuni ya Elsevier ni mojawapo ya wakubwa wa biashara hiyo, na faida ya upande huo wa kampuni mama yake ni zaidi ya theluthi ya mapato. Nimefanya mapatano na matajiri wa chai, wa sukari na wa nguo, na wote hulia hasara. Sijawahi kukuta kiwanda kinachopewa malighafi bure, kinachopewa mafundi bure, kisha kinachomwuzia bidhaa mtu yuleyule aliyeileta.

Basi kwa habari ya kurasa zile tisa, dola 35 zisingefika kwa aliyeziandika hata senti moja. Jasho la mwandishi halikuwamo katika bei hiyo.

Lakini nisiwafiche upande wa pili, maana vitabu si makala. Mwandishi wa kitabu cha shule hapa Kampala anaishi kwa fungu lake la kila nakala inayouzwa. Mpangaji kurasa, mpiga chapa na mshona vitabu wa Nasser Road wote wanakula kutokana na kitabu hicho. Mtu anapokichapa kwa siri na kukiuza kando ya barabara kwa nusu ya bei, amemnyonya mfanyakazi mwenzetu sawasawa na mwajiri anayekata saa za ziada. Nimekutana na wapiga chapa waliopumzishwa kazi kwa sababu kitabu walichokichapa mwezi wa pili kilikuwa kimenakiliwa mwezi wa tatu. Ukiwaambia kwamba elimu yote iwe bure, watakuuliza posho ya watoto itatoka wapi. Sina jibu la haraka la kuwapa.

Sheria inasemaje? Mimi si wakili, nasema nilichosoma na kueleweshwa. Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Hakimiliki mwaka 2006, mwaka uleule tulipopata Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi na Sheria ya Ajira. Inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Okot p'Bitek alifariki mwaka 1982, kwa hiyo kazi zake zinalindwa hadi mwaka 2032. Anayechapisha, kusambaza au kuuza bila idhini anaweza kutozwa faini hadi vipimo 100 vya fedha, na kipimo kimoja ni Sh. 20,000, yaani jumla Sh. milioni 2, au kifungo hadi miaka minne, au vyote viwili. Hata hivyo sheria hiyohiyo imeacha dirisha: mtu anaweza kunakili kwa matumizi yake binafsi, mwalimu anaweza kutumia sehemu kwa kufundishia, mwandishi anaweza kunukuu akitaja chanzo, na kazi inaweza kuandikwa kwa nukta nundu kwa ajili ya elimu ya wasioona. Ruhusa hiyo ni ya msomaji. Haimsafishi aliyejaza ghala, wala haimruhusu katibu wa tawi kupiga chapa nakala mia tano na kuuza getini.

Wenye vibanda vya fotokopi pale Wandegeya wanaishi katikati ya dirisha hilo na ukuta. Kila mwanafunzi aliyepita Makerere amesomea karatasi zao. Iko jumuiya iitwayo URRO, inayosimamia haki za kunakili na kutoa leseni ili fungu dogo la fotokopi liwafikie waandishi na wachapishaji. Mimi naiona kama jamaa ya chama chetu, kwa sababu mwandishi mmoja hawezi kudai shilingi hamsini kwa kila kibanda, lakini wote pamoja wanaweza.

Kesi iliyo karibu kabisa na Wandegeya haikutokea kwetu, ilitokea India. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walikishtaki kibanda cha fotokopi kilichomo ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi. Kilikuwa kikikusanya sura za vitabu mbalimbali na kuzifunga pamoja kwa ajili ya wanafunzi. Mahakama Kuu ya Delhi ilisema mwezi Septemba 2016 kwamba kunakili kwa ajili ya masomo kunaruhusiwa na sheria ya nchi hiyo, na mwaka 2017 wachapishaji waliacha kesi. Wanafunzi na walimu walikuwa wamesimama pamoja na mwenye kibanda. Ushindi huo haukuwa wa maktaba za kivuli. Mwezi Agosti 2025 mahakama hiyohiyo iliamuru anwani za Sci-Hub zizibwe India, na tangu kesi hiyo ilipoanza mwisho wa 2020 ghala ya Sci-Hub ilikuwa karibu imeacha kuongeza makala mpya.

Huko Marekani maktaba hizi zimeshindwa karibu kila mara. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru Sci-Hub na wenzake wailipe Elsevier dola milioni 15. Mwezi Septemba 2024 Library Genesis iliamriwa kulipa dola milioni 30 kwa wachapishaji wa vitabu vya vyuo, na wakati huo hakuna aliyejua kwa hakika ni nani anayeiendesha. Mwezi Novemba 2022 serikali ya Marekani ilinyang'anya anwani za Z-Library zaidi ya mia mbili, na Warusi wawili wakakamatwa Argentina kwa tuhuma za kuiendesha. Hata Internet Archive, ambayo si ya kivuli, yenye jina na ofisi, na ambayo ilikuwa ikiazimisha nakala za vitabu ilivyokuwa navyo, ilishindwa katika rufaa Septemba 2024.

Na bado zipo. Kila mkulima wa matooke anajua kwamba ukikata shina la mgomba hujaua kitu, machipukizi yako chini. Anwani ikizibwa, nyingine hufunguliwa kesho yake katika nchi nyingine. Lakini nguvu hasa iko kwenye kile kiitwacho torenti: ghala nzima hukatwa vipande vingi, na watu wa mbali wasiojuana kila mmoja anatunza vipande vyake katika kompyuta yake. Hakuna jengo moja la kuvamia. Mara baada ya msako wa 2022 lilitokea kundi jingine, Anna's Archive, ambalo kazi yake ni kukusanya orodha ya ghala zote hizo ili moja ikianguka nyingine zibaki. Wasomaji nao hujifunza njia. Sisi wa Uganda tulifundishwa VPN na serikali yenyewe, ilipoleta kodi ya Sh. 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii mwezi Julai 2018. Siku hiyo hata mama muuza nyanya alijua kuzunguka.

Hata hivyo sipendi tuzishangilie kupita kiasi. Kitu kinachoishi kwa kujificha hakina dhamana. Leo kipo, kesho hakifunguki, na hakuna wa kumwuliza. Tena matapeli wamejenga vivuli vya vivuli: anwani zenye jina linalofanana, zinazoomba namba ya siri ya mobile money au kupenyeza virusi katika simu. Tayari kijana mmoja wa tawi letu amepoteza akiba ya wiki mbili kwa njia hiyo.

Halafu wakubwa nao waliingia mlango huohuo. Makampuni yanayotengeneza mashine za akili bandia yalihitaji vitabu vingi vya kuzifundishia. Kampuni ya Anthropic ya Marekani ilichukua mamilioni ya vitabu kutoka ghala hizi. Waandishi wakaishtaki. Mwezi Juni 2025 hakimu alisema kuifundisha mashine kwa vitabu ni halali, lakini kujiwekea ghala ya vitabu vya wizi si halali, na mwezi Septemba kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa vitabu karibu 500,000. Nilipoisoma nilifurahi kwa ajili ya waandishi, mpaka nilipofika kwenye masharti. Waliohesabiwa ni wale ambao vitabu vyao viliandikishwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Mwandishi wa Kampala ambaye kitabu chake hakikuandikishwa huko hana fungu, hata kama kilimezwa pamoja na vingine. Kampuni ilifika na mawakili, ikajadili, ikalipa, ikaendelea na biashara. Mwenye kibanda Wandegeya hana wa kumjadilia ile miaka minne.

Niseme na jambo moja linalotuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1966 Roger Scott alichapisha kitabu kuhusu maendeleo ya vyama vya wafanyakazi vya Uganda, kupitia East African Publishing House ya Nairobi. Ni historia ya babu zetu wa chama. Sijakikuta katika duka lolote la vitabu hapa mjini, na shirika lililokichapa halipo tena. Kitabu kinalindwa na sheria, lakini hakuna anayekiuza. Sasa mfanyakazi anayetaka kujua migomo ya zamani ilivyoendeshwa afanye nini? Sheria inayomlinda mwandishi asiibiwe inaeleweka. Sheria inayolinda kitabu kisisomwe na mtu yeyote, hiyo naiona ni kasoro, na Bunge lingeweza kuirekebisha bila kumgharimu mwandishi hata shilingi.

Turudi kwa dada yetu. Makala ile ilisema hivi: dawa za jamii ile, zinazoitwa ogano-fosfati, hukizuia kitu kilichomo mwilini kiitwacho kolinesterasi, ambacho huzituliza neva baada ya kufanya kazi. Kikipungua, neva hazipumziki, ndiyo maana ya machozi, jasho na misuli kuchezacheza. Kiko kipimo cha damu. Lakini kipimo hufaa zaidi iwapo mtu alipimwa kabla hajaanza kunyunyiza, ili alinganishwe na yeye mwenyewe, kwa kuwa watu hawalingani. Katika jimbo la California utaratibu wa kuwapima wanyunyizaji upo tangu 1974. Kiasi kilichomo katika chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kile cha mwanzo, mfanyakazi huondolewa kwenye dawa mpaka apone. Mwaka 1974! Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Tulipeleka makala kwenye kikao cha kwanza na mwajiri. Meneja aliitazama kurasa mbili. Hakuuliza habari ya damu. Aliuliza: "Hii mmeipata wapi?" Wakili wake akaandika kitu.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilimweleza binti, naye akasema kwamba mwandishi wa makala ameweka anwani yake chini ya ukurasa wa kwanza, na kwamba wataalamu wengi hufurahi wakiombwa. Akamwandikia mistari minne: sisi ni chama cha wafanyakazi Uganda, tuna mnyunyizaji mgonjwa, tunaomba nakala. Baada ya siku mbili mwandishi alituma makala nzima bure, akaongeza nyingine mbili, na kutuuliza hali ya mgonjwa.

Basi ndugu zangu wa matawi, njia hii mwijue. Andikeni kwanza kwa mwandishi. Zipo pia makala nyingi za afya zilizo wazi kihalali katika PubMed Central. Upo mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo. Haumfai mtu mmoja mmoja, lakini daktari wa hospitali au mtu wa maktaba ya chuo anaweza kuwatazamia. Maktaba ya Taifa iko Buganda Road. Na kwa habari ya dawa msisahau kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo ya kemikali wanazozishika. Maelezo hayo daini kwa barua, na nakala ya barua ibaki kwenye faili la tawi.

Kwenye kikao cha pili niliweka mezani nakala iliyotoka kwa mwandishi, pamoja na barua yake. Wakili aliisoma barua mara mbili, akairudisha. Baada ya hapo tulizungumza habari ya damu kwa muda wa saa tatu. Wanyunyizaji ni kumi na wanane. Mwajiri amekubali wote wapimwe kabla ya msimu ujao, na dada yetu amehamishiwa chumba cha kufunga maua kwa mshahara uleule. Linalobishaniwa bado ni nani alipe gharama ya kipimo cha pili.